Afisa Ubinadamu

Kwa miaka ishirini na tisa hakuna kosa la maandishi lililopita mbele ya Bi Nukta likabaki hai. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wachapaji wa kampuni ya uchapishaji alikofanya kazi, siku aliposimamisha mtambo mzima, karatasi zikiwa zimeshaanza kutoka, kwa sababu ya nukta moja iliyokosekana kwenye kitabu cha hesabu. Wachapaji walimlaani kimoyomoyo. Lakini nukta ile ndiyo iliyotenganisha kilo mbili na nusu za unga na kilo ishirini na tano, na tangu siku hiyo walimheshimu kama watu wanavyomheshimu mbwa mkali wa jirani: kwa mbali, na kwa kupunguza sauti wakipita.

Kampuni ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Chumba cha wasahihishaji kilikuwa na meza nne, dirisha moja lililotazamana na ukuta wa jengo la pili, na birika la umeme ambalo waya wake ulikuwa umefungwa plasta ya kidonda. Humo watu wanne walisoma kila kilichotaka kuchapwa: vitabu vya shule, kalenda, na zaidi ya yote vijitabu vya wasifu. Mtu akistaafu, akifikisha miaka hamsini ya ndoa au akifariki, familia yake ilileta picha na maelezo machache, na kampuni ikayaandika maisha yake katika kurasa kumi na mbili, jalada gumu ukitaka.

Mambo yalianza kwenda mrama Mkurugenzi aliporudi kutoka semina. Alikuwa mtoto wa mwenye kampuni, mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, aliyevaa suti hata jua likiwaka la kutosha kukaanga yai. Alikwenda semina ya siku tatu na begi dogo, akarudi na maneno makubwa. Aliwakusanya wafanyakazi wote ukumbi wa mitambo, akapanda juu ya kreti la soda, akasoma hotuba.

"Ndugu zangu, binadamu kama tunavyomjua amefika mwisho wa toleo lake. Akili bandia inatupita, na ikishatupita itatufafanua upya. Swali si kama tutapitwa. Swali ni kama tutapitwa kwa heshima."

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa yeye ni bosi na kwa kuwa walidhani amemaliza. Hakuwa amemaliza. Alipofika mwisho, dakika hamsini baadaye, Bi Nukta alinyoosha mkono.

"Mkurugenzi, samahani. Na wewe ni binadamu?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi nilitaka kujua kama tunamalizika wote, au ni ghorofa hii tu."

Wachapaji walikohoa ili wasicheke. Mkurugenzi alisema swali ni zuri, akashuka kwenye kreti.

Wiki iliyofuata ikaletwa kompyuta nyeusi, pana kama mlango wa kabati, ikawekwa chumba cha wasahihishaji, mahali penye dirisha. Ndani yake ndimo ilimokuwa hiyo akili bandia. Mkurugenzi aliipa jina la Mwenzetu. Mtu akisema "ile mashine" alimkatisha kwa upole: "Si mashine. Ni Mwenzetu." Mwenzetu aliandika kijitabu cha wasifu kwa muda ambao Bi Nukta alitumia kutafuta miwani, na hakukuwa na kosa hata moja la kutoa. Wasahihishaji watatu wakapewa barua za kuagwa siku moja. Ya nne ilikuwa ya Bi Nukta, ila katibu muhtasi aliogopa kumpelekea. Aliibeba kwenye mkoba wake siku tano, akiipandisha ngazi asubuhi na kuishusha jioni, na siku ya sita akaja mjane mmoja na kuiokoa kazi ya Bi Nukta bila kujua.

Mjane huyo aliingia na kijitabu cha marehemu mumewe, akakitupa mezani kwa Mkurugenzi.

"Huyu si mume wangu."

"Mama, jina si lake?"

"Jina lake. Picha yake. Lakini humu mnasema alikuwa nguzo ya familia, taa ya jamii na hazina ya vizazi. Mume wangu alikuwa fundi majokofu, na alikuwa mbishi. Nimesoma kurasa zote kumi na mbili sijaona mahali alipobisha."

Wengine nao walikuja, wenye marehemu na wenye wastaafu. Wote walisema jambo lilelile kwa maneno tofauti: maandishi yamenyooka mno, humu hamna mtu. Mkurugenzi akafanya alichokuwa akikifanya siku hizo akipata tatizo lolote, hata la choo kuziba. Alimuuliza Mwenzetu. Mwenzetu akajibu, kwa adabu sana, kwamba maandishi yamepungukiwa ubinadamu, na kwamba ubinadamu unaweza kuongezwa kwa kutia makosa madogo madogo.

Bi Nukta akaitwa.

"Mama, kuanzia leo nataka utie makosa."

"Nitie nini?"

"Makosa. Matatu kila ukurasa. Mawili ya herufi, moja la kuchanganya mawazo. Na kila baada ya kurasa nne, mtu apotee kidogo kwenye maelezo halafu arudi."

"Mwanangu," alisema Bi Nukta, ambaye hakuwahi kumwita hivyo kazini, "mimi nimekula ujana wangu nikiyatoa hayo."

"Ndiyo maana unayajua. Nimekuandalia na cheo."

Akampa kadi yenye picha yake na kamba ya kuvaa shingoni. Chini ya picha paliandikwa: AFISA UBINADAMU.

Nyumbani aliishi na dada yake mkubwa, mjane, muuguzi mstaafu ambaye mikono yake ilikuwa bado inanukia sabuni ya hospitali. Dada aliisoma ile kadi, akaigeuza, akaisoma tena, akacheka mpaka akakaa chini.

"Kwa hiyo sisi wengine tunaubahatisha tu," alisema. "Wewe ndiye uliyeajiriwa."

Wiki ya kwanza Bi Nukta aliumwa. Alipoandika "haliyekuwa" mahali pa "aliyekuwa" aligeuka kutazama mlango kama mtu anayeiba. Alipanga makosa kwa uangalifu mkubwa, yasifanane, yasikaribiane, kila moja na sababu yake. Lakini aliposoma tena kile kijitabu cha fundi majokofu, kikiwa na makosa yake thelathini na sita, aliona kwamba mzee wa watu bado hayumo. Sasa alikuwa nguzo ya familia iliyoandikwa vibaya.

Ndipo akafanya jambo ambalo hakuagizwa. Alichukua simu ya ofisi, akampigia yule mjane.

"Mama, pole. Nauliza tu. Mzee alikuwa na tabia gani iliyokuwa inakuudhi?"

Upande wa pili ukacheka, na kicheko hicho kikafungua mlango. Mjane alizungumza saa nzima na dakika kumi. Fundi majokofu alikuwa akibishana na redio. Msomaji wa taarifa ya habari akisema "habari za jioni," yeye alijibu, "Nzuri, lakini utaziharibu." Alikuwa hakubali kwamba amepotea njia, alitembea mpaka mahali pale pakawa ndipo alipokuwa anakwenda. Bi Nukta aliandika yote, na makosa ya herufi akayatoa kimyakimya. Mjane alikuja kuchukua nakala, akaanza kuisoma ngazini, akakaa palepale kwenye ngazi, akacheka na kulia kwa pamoja, watu wakawa wanamruka kwenda juu na kushuka.

Tangu hapo alipiga simu kila siku. Alijifunza kwamba ukimuuliza mtu sifa za marehemu unapata dakika mbili, na ukimuuliza kero zake unapata mchana mzima. Kulikuwa na mwalimu mkuu aliyewaficha wageni sukari. Kulikuwa na mama aliyetunza funguo za kila nyumba aliyowahi kupanga, kumi na saba, ati huenda wakamwita arudi. Maagizo yakaongezeka. Mkurugenzi akatangaza kwamba makosa matatu kwa ukurasa yameleta mafanikio makubwa. Bi Nukta hakumsahihisha.

Huenda hapo ndipo alipokosea. Maana Mkurugenzi, kwa furaha yake, alichukua kurasa zote za Afisa Ubinadamu za miezi minne akamlisha Mwenzetu.

Siku chache baadaye Bi Nukta alipewa kijitabu cha karani mmoja wa posta apitishe macho. Kilikuwa kizuri. Karani huyo alikuwa na mazoea ya kulamba stempu hata zile za kujibandika zenyewe, na alizungumza na paka wake kwa lugha ya barua rasmi. Bi Nukta alitabasamu, akataka kujua nani alipiga simu.

"Hakuna aliyepiga simu," alisema Mkurugenzi. "Ni Mwenzetu."

"Alikuwa na paka huyu karani?"

"Haijulikani."

"Stempu alilamba?"

"Mama, angeweza kulamba."

"Na familia imesemaje?"

Mkurugenzi alimtazama kwa huruma, kama daktari anayetafuta kiti cha kumkalisha mgonjwa kwanza. "Familia imelia. Wameagiza nakala mia mbili. Mtoto wake wa kwanza amesema hakujua kama baba yake alikuwa mtu wa kuchekesha hivyo."

Bi Nukta alikasirika, na mtu akikasirika husema maneno ya kishujaa. Alisema kazi ya mkono wake haiwezi kufananishwa na hiyo. Mkurugenzi alisema basi tupime. Wakaletwa watu ishirini kutoka mtaani, wakakalishwa ukumbini, kila mmoja na soda yake. Wakapewa wasifu wa mshonaji viatu mmoja, umeandikwa mara mbili: mara moja na Bi Nukta, aliyekuwa amezungumza na watoto wake wote sita, na mara moja na Mwenzetu, ambaye hakuzungumza na mtu. Waseme upi umeandikwa na binadamu.

Watu kumi na saba walichagua wa Mwenzetu. Kati ya wale watatu waliobaki, mmoja alikuwa amesahau miwani. Bwana mmoja mwenye kofia aliinua karatasi ya Bi Nukta na kutoa maoni yake kwa sauti: "Hii imekaa sawasawa mno. Koma zote ziko mahali pake. Hii itakuwa ile mashine ya zamani."

Kesho yake matokeo yalibandikwa ukutani karibu na birika.

"Mama, umepata asilimia kumi na tano ya ubinadamu," alisema Mkurugenzi.

"Na wewe umepata ngapi?"

"Mimi sikufanya mtihani."

"Bahati yako."

"Usilichukulie vibaya. Si kwamba wewe umeshuka. Ubinadamu umepanda kiwango."

Safari hii barua haikukaa kwenye mkoba wa mtu.

Walimwandalia sherehe ya kumuaga, ukumbi uleule wa mitambo, keki juu ya meza ya kukatia karatasi. Ndugu zake walialikwa: dada yake, kaka yao mkubwa aliyekuwa akimiliki karakana ya kuchomelea mageti, na shangazi yao, mdogo wa baba, mzee wa miaka themanini na mitatu aliyeketi mbele na kumaliza keki ya watu wawili. Mkurugenzi alisoma hotuba. Imeandikwa na nani, hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Hotuba ilianza utotoni. Ilisema baba yake Bi Nukta alikuwa mtu wa vitabu. Ilisema jioni moja, umeme ukiwa umekatika, alichukua kipande cha mkaa, akamwandikia bintiye herufi ya kwanza ukutani, akamshika bega na kumwambia: "Mwanangu, watu watakusahau, lakini herufi haitakusahau."

Ukumbi mzima ukalia. Wachapaji walilia, katibu muhtasi alilia, fundi wa mtambo alikwenda kujifuta nyuma ya marobota ya karatasi. Na Bi Nukta, ambaye kila neno la hotuba ile alilijua kuwa uongo, alihisi machozi yakimtoka mwenyewe, akayakasirikia macho yake kama watu wawili waliomsaliti.

"Dada," alinong'ona, "baba alijua kusoma?"

"Shh," alisema Dada huku akipenga kamasi. "Acha tusikilize."

Angeweza kuiacha hotuba iishie ukumbini. Lakini kaka yao alikuwa ameirekodi, akaitia kwenye kundi la familia kwenye simu, na kabla ya wiki kwisha binamu ambao hawajasalimiana miaka walikuwa wakiandikiana habari za mkaa. Shangazi akapiga simu akilia. Alisema ameikumbuka siku ile kana kwamba ni jana, alikuwepo, alimwona kaka yake akiandika.

"Shangazi, baba alikuwa akitia dole gumba kwenye kila karatasi."

"Ndiyo," alisema Shangazi. "Kwa unyenyekevu."

Kaka mkubwa akaitisha kikao cha familia nyumbani kwake, Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Kaburi la baba lilikuwa limetitia upande mmoja na jiwe lilihitaji kubadilishwa. Jipya alitaka lichongwe yale maneno: watu watakusahau, lakini herufi haitakusahau.

Sebule ilijaa. Waliokosa viti walikaa kwenye mikono ya makochi. Bi Nukta alisimama katikati, karibu na feni, akazungumza bila karatasi.

"Ndugu zangu, maneno hayo baba hakuyasema. Baba alikuwa mchukuzi wa magunia. Hakujua herufi hata moja. Mkaa mimi niliuchukua mwenyewe nikachora ukuta, na alinichapa, kwa sababu mkaa ulikuwa wa kupikia. Hicho ndicho nilichopata kwa baba kuhusu mkaa. Ila siku moja alirudi kazini, vumbi la magunia limemjaa kichwani, akachukua daftari langu la shule juu ya meza, akalifungua. Alilishika kichwa chini miguu juu. Akalitazama muda mrefu, ukurasa baada ya ukurasa, halafu akalirudisha taratibu mahali alipolitoa. Hakusema kitu. Huyo ndiye baba. Mkitaka kuchonga, chongeni huyo."

Kaka mkubwa alisafisha koo.

"Mdogo wangu, tumekusikia. Lakini hebu fikiria. Wajukuu wanakwenda kaburini wanasoma kwamba babu alishika daftari kichwa chini. Si watacheka?"

"Wacheke. Walau watakuwa wanamcheka yeye."

"Hii yako imekaa vibaya," alisema binamu mmoja kutoka kwenye mkono wa kochi. "Haina funzo."

"Na kunichapa?"

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Shangazi akasema yeye alikuwepo. Bi Nukta akamuuliza ilikuwa herufi gani. Shangazi akafikiri, akasema ni ile ya kwanza. Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika: ushahidi ndio huo. Kaka mkubwa akapigisha kura. Mikono kumi na miwili ilikwenda juu kwa ajili ya yale maneno, na mkono wa kumi na mbili, uliokawia kidogo, ulikuwa wa Dada.

Bi Nukta alicheka. Hakuwa na uchungu wakati ule, alisema baadaye. Alikuwa akiwahesabia asilimia za ubinadamu. Jiwe likachongwa. Herufi zimekaa vizuri, nafasi zake sawa, na Mwenzetu ndiye aliyepanga mistari.

Njiani kurudi kutoka kwenye kikao wale dada wawili hawakusemezana. Jioni hawakusemezana. Asubuhi ya Jumapili Bi Nukta alikuwa jikoni anaosha vyombo, mapovu yamefika kwenye viwiko, Dada akaja na kitambaa cha kukaushia, akachukua sahani ya kwanza, akaifuta mpaka ikapiga kelele.

"Mimi nakumbuka alivyolishika daftari," alisema.

Bi Nukta aliacha sufuria. "Kichwa chini?"

"Kichwa chini."

"Na jana ulikuwa wapi? Mdomo uliuacha nyumbani?"

"Watu walikuwa wameshalia," alisema Dada. "Ungewarudishaje?"

Bi Nukta alichukua sufuria, akaisugua mahali ambapo palikuwa safi.

"Ila daftari halikuwa lako," alisema Dada.

"Unasemaje?"

"Lilikuwa langu. Wewe ulikuwa hujaanza hata shule. Ulikuwa chini ya meza, unakula chaki."

"Dada, nakumbuka jalada lake. La bluu."

"Halikuwa na jalada. Lilichanika kwenye mvua. Na si kwamba hakusema kitu. Aliniita. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akaniuliza, hapa umeandika nini? Nikamwambia, nimeandika jina lako, baba. Akalitazama. Akalitazama tena. Halafu akaniambia nimelikosea."

Bi Nukta alimgeukia na mikono yake inadondosha maji sakafuni.

"Hayo umeyatunga."

"Nimeyatunga mimi?"

"Miaka hamsini hujawahi kuyasema, leo ndiyo unayaleta, yamekamilika na mwisho wake. Unajuaje kama hukuyasikia kwenye simu?"

"Simu inamjua baba?" Dada aliitua sahani kwa kishindo. "Ulikuwa chini ya meza! Ungeonaje kama daftari liko kichwa chini au kichwa juu?"

"Nilimwona akilishika!"

"Uliona magoti yake!"

Jirani wa ukuta wa pili alizima redio ili asikie vizuri. Wale dada wawili waligombana mpaka saa sita, wakanywa chai wamenuniana, wakaanza upya. Hadi leo hawajakubaliana daftari lilikuwa la nani, wala kama lilikuwa na jalada.